Meya Aliyeununulia Mji Maji

Katika kurasa kama hizi tumezoea kusoma maisha ya majemadari, marais na mabingwa wa kalamu. Mimi nimechagua diwani. Nilipowaambia wenzangu bwenini, walicheka mpaka wakashika mbavu. Diwani ana hadithi gani, bwana? Kwetu sisi ukitaja baraza la mji mtu hufikiria kanjo wakimkimbiza muuza njugu na sinia lake. Hata jina lenyewe linazeeka, kwa kuwa mabaraza ya miji ya Kenya yalivunjwa mwaka wa 2013 serikali za kaunti zilipoanza, na siku hizi tunamchagua MCA. Lakini kazi ni ileile, na mtu ninayemsimulia hapa aliifanya mpaka mji mzima ukabadilika sura.

Jina lake ni Joseph Chamberlain. Waliosoma Historia wamekwisha kukutana naye, kwani ndiye aliyekuwa Waziri wa Makoloni wa Uingereza wakati wa Vita vya Makaburu kule Afrika Kusini. Huko nitafika, msiwe na haraka. Kwanza nataka tumwone akiwa meya wa Birmingham kwa miaka mitatu tu, kuanzia Novemba 1873 hadi 1876, kwa sababu naona ile miaka mitatu ina mafunzo mengi kuliko miaka yote aliyokaa katika vyeo vikubwa.

Alizaliwa tarehe 8 Julai 1836 huko Camberwell, London. Baba yake alikuwa na biashara ya viatu. Nyumbani kwao walikuwa Waunitari, madhehebu yasiyofuata Kanisa la Uingereza, na siku hizo jambo hilo lilimfungia mtu milango mingi, hata milango ya vyuo vikuu vya kale. Kijana Joseph alikuwa hodari darasani, lakini alipofika miaka 16 akatolewa shule akaingia katika biashara ya babake. Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1854, alitumwa Birmingham kusimamia fedha za familia katika kiwanda cha mjomba wake, Bwana Nettlefold. Kiwanda hicho kilitengeneza skrubu. Naam, skrubu hizi hizi tunazokazia madawati. Nettlefold na Chamberlain walileta mashine za Kimarekani, wakazitoa skrubu kwa wingi na kwa bei nafuu mpaka wakawa wanatengeneza sehemu kubwa ya skrubu zote za Uingereza. Wenye karakana ndogo ndogo walisagika, na wapo waliomlaumu kwa hilo maisha yake yote.

Nyumbani kwake mambo hayakuwa mteremko. Mkewe wa kwanza, Harriet, alifariki mwaka wa 1863 akijifungua mtoto wa kiume aliyeitwa Austen. Mwaka wa 1868 alimwoa Florence, binamu ya marehemu, na mwaka uliofuata wakapata mtoto aliyeitwa Neville.

Sasa, mtu mwenye kiwanda na pesa zake alitafuta nini katika baraza la mji? Swali zuri. Kwa miaka mingi wafanyabiashara wakubwa wa Birmingham waliliona baraza kuwa mahali pa aibu. Katika miaka ya 1850 lilikuwa mikononi mwa kundi lililojiita Wabanaji Matumizi, ambao walikutania katika baa moja iitwayo Woodman na kukata shauri huko huko kabla ya kikao. Siasa yao ilikuwa sentensi moja: kodi ya majumba isipande. Barabara imebomoka? Kodi isipande. Mtaro unanuka? Kodi isipande. Mwenye nyumba alifurahi kwa sababu mfuko wake haukuguswa, na mpangaji akabaki na uvundo wake. Hata leo wanasiasa wa namna hiyo tunao, nao hupata kura tele.

Kilichowageuza matajiri vijana kama Chamberlain kilikuwa mahubiri. Mji ule ulikuwa na mhubiri mmoja maarufu, George Dawson, aliyefundisha kwamba mji si soko la kuchumia tu, na kwamba mtu aliyefanikiwa mjini ana deni kwa mji. Tena Chamberlain mwenyewe alikuwa anapigania elimu ya bure na ya lazima kwa kila mtoto, akawa miongoni mwa viongozi wa umoja ulioanzishwa Birmingham mwaka wa 1869 kwa kazi hiyo. Novemba mwaka huo huo akachaguliwa diwani wa wadi ya St Paul's. Miaka minne baadaye, akiwa na miaka 37, akachaguliwa meya. Mnamo 1874 aliuza hisa zake za kiwandani ili asiwe na kazi nyingine ila ya umma. Wanaoishika siasa kwa mkono mmoja na tenda za kaunti kwa mkono wa pili wasome hapo mara mbili.

Alikuwa mtu wa kuvaa. Jichoni miwani ya jicho moja, kifuani ua la okidi, ndevu hakuna. Mtu angemdhania mchezaji wa tamthilia, lakini alipofungua daftari la hesabu mzaha uliisha.

Jambo lake la kwanza lilikuwa gesi. Enzi zile taa za barabarani na za majumbani ziliwaka kwa gesi ya makaa ya mawe, na Birmingham ilikuwa na kampuni mbili za gesi zilizoshindana kufukua barabara zile zile kutandaza mabomba. Kila kampuni ilikuwa na wenye hisa wake, na faida yote iliwaendea hao. Chamberlain hakuanzia ukumbini. Alikwenda kwanza kwa wakubwa wa kampuni zote mbili akapatana nao bei, akapiga hesabu za riba na za mapato, ndipo Januari 1874 alipolipelekea baraza hoja. Hoja yenyewe ilitaka mji uzinunue kampuni zote mbili kwa karibu pauni milioni mbili. Lo! Pauni milioni mbili za wakati ule si mchezo, na mji wenyewe haukuwa nazo. Zilikuwa za kukopwa, zilipwe kidogo kidogo kutokana na mapato ya gesi yenyewe.

Baraza lilikuwa na wajumbe 64. Kura zilipohesabiwa, walioafiki walikuwa 54 na waliopinga wawili. Watu wawili tu! Katika mjadala wetu wa shule hata hoja kwamba maji ni bora kuliko soda haijawahi kupita kwa tofauti kama hiyo. Nimeitafakari sana kura hii. Nionavyo mimi, alishinda kwa sababu aliingia ukumbini na majibu ya maswali ambayo madiwani walikuwa bado hawajauliza. Ilibidi pia walipa kodi waafiki na Bunge la London lipitishe sheria, na yote yakapatikana. Mwaka wa kwanza tu wa mji kuwa na gesi yake, faida ilikuwa pauni 34,000.

Hapo ndipo tunapofikia maji, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu linanihusu.

Kule mtaani kwetu, katika mji ambao sitautaja, maji ya bomba hufika kwa zamu. Tumezoea. Siku ya maji mama huamka saa tisa za usiku ajaze mitungi, madumu, sufuria na hata beseni la kufulia. Siku isiyo ya maji tunanunua kwa mkokoteni, na aliyeishiwa na pesa huenda kisimani, ambako kila mtu anajua kuna choo cha shimo hatua chache kutoka hapo. Basi niliposoma habari za Birmingham ya kabla ya 1876 nilidhani mwandishi amewahi kuishi kwetu. Kule nako maji yalikuwa ya kampuni ya watu binafsi. Mabomba yalitoa maji siku tatu tu kwa wiki. Siku nyingine watu walinunua kwa mikokoteni au wakateka visimani. Karibu nusu ya wakazi wa mji ule, uliokuwa na watu zaidi ya laki tatu, walitegemea visima, na vingi vya visima hivyo viliingiwa na maji machafu ya vyooni. Watoto walikufa. Hawakufa kwa vita wala kwa njaa, walikufa kwa kikombe cha maji.

Chamberlain aliwaambia madiwani wenzake kwamba mji uinunue na kampuni ya maji. Walioona faida ya gesi walichangamka, wakidhani hapa napo patakuwa na chungu cha asali. Aliwakatalia, na jibu lake ndilo linalonifanya nimheshimu. Alipambanua kwamba gesi na maji si bidhaa za aina moja. Gesi mtu anaweza kuipunguza, awashe mshumaa, kwa hiyo si vibaya mji upate faida humo na kuitumia kwa manufaa ya wote. Maji hayana mbadala, na maskini akiyapunguza kwa sababu ya bei anaugua, na ugonjwa wake hauishii mlangoni kwake. Kwa hiyo maji yauzwe kwa kiasi cha kurudisha gharama tu, na faida yake ihesabiwe katika afya. Hayo aliyaeleza barazani, akayaeleza tena mbele ya kamati ya Bunge. Januari 1876 kampuni ya maji ikawa mali ya mji kwa pauni 1,350,000, na visima vibovu vikaanza kufungwa kimoja baada ya kingine.

Tazameni basi jinsi vikao vya baraza vilivyo vya ajabu. Ukikaa pale kusikiliza utasinzia. Karani anasoma kumbukumbu za kikao kilichopita, kamati ya mitaro inaleta ripoti, mtu anauliza kuhusu ukurasa wa sita, mwingine anasema hoja ya nidhamu. Hakuna anayelia wala kufyatua bunduki. Kisha mikono inapanda, inahesabiwa, na watoto ambao hata hawajazaliwa wanakuwa wameshapangiwa kama watakunywa maji safi au machafu.

Katikati ya kazi hizo pigo likamwangukia tena. Februari 1875 Florence, mke wa pili, naye alifariki katika uzazi. Mara mbili katika nyumba moja! Tangu hapo, wanasema waliomjua, imani yake ya dini ilipoa na moyo wake ukawa mgumu. Alijitia kazini kama mtu anayekimbia kivuli chake.

Kazi aliyojitia ilikuwa ya kubomoa. Katikati ya Birmingham kulikuwa na mitaa ya mabanda yaliyobanana, ua mmoja ukitumiwa na familia nyingi, jua halipiti, choo kimoja. Mwaka wa 1875 Bunge lilipitisha sheria ya kuruhusu miji kununua mitaa kama hiyo na kuibomoa, na Chamberlain mwenyewe alikuwa ameshauriwa ilipotungwa. Mwezi wa Julai mwaka huo akaleta mpango wake barazani. Mji ulinunua kama ekari 50, ukakata barabara mpya pana iliyoitwa Corporation Street, yaani Barabara ya Baraza. Wenye majumba walipiga kelele, meya akashikilia uzi ule ule, na yeye binafsi akatoa pauni 10,000 mfukoni mwake kusaidia mradi uanze. Katika eneo hilo, kati ya 1873 na 1875, walikuwa wakifa watu wapatao 53 katika kila watu 1,000 kwa mwaka. Kati ya 1879 na 1881 idadi ilikuwa imeshuka hadi 21.

Wengine huishia hapo na kupiga makofi. Mimi siwezi. Wale waliobomolewa walikwenda wapi? Kamati ilipiga hesabu ikaona kuwajengea nyumba mpya ni ghali mno, kwa hiyo viwanja vya barabara mpya vikakodishwa kwa wenye maduka na maofisi kwa miaka 75. Maskini walijitafutia pa kwenda, wakabanana katika mitaa mingine, na wengi walipata makao nje ya mji baada ya muda mrefu. Mradi wote uliugharimu mji kama pauni 300,000. Kwa hiyo hata ile hesabu nzuri ya vifo ina doa, kwa kuwa sehemu ya wale waliokuwa wakifa hawakuwapo tena mahali pale kuhesabiwa. Sisemi barabara isingekatwa. Nasema waliokuwa na mengi ya kupoteza hawakuwa na kiti ndani ya ukumbi, na ukisoma maamuzi ya baraza lolote ni vyema uulize nani hakuwapo chumbani. Wakazi wa vibanda vya miji yetu, ambao hushtukia tingatinga alfajiri, hawahitaji nieleze zaidi.

Mwaka wa 1876 Chamberlain aliuacha umeya akaingia Bunge. Mambo aliyoyapanda yaliendelea kuota. Kamati ya gesi ilikuwa na hela nyingi hata ikajenga ofisi mpya, na juu ya ofisi hizo ikajenga jumba la sanaa la mji, lililofunguliwa mwaka wa 1885. Picha za wachoraji wakubwa zikaning'inia juu ya vichwa vya makarani wa bili za gesi! Birmingham ilipewa hadhi ya jiji mwaka wa 1889, na mwaka wa 1900 ikapata chuo kikuu, Chamberlain akiwa mkuu wake wa kwanza.

Yeye mwenyewe alikuwa sasa anapanda ngazi London. Alikuwa waziri mara kadhaa, akaugawa upande wake wa kisiasa mwaka wa 1886 kwa kupinga Ireland kujitawala, na mwaka wa 1895 akawa Waziri wa Makoloni. Vita vya Makaburu, vya 1899 hadi 1902, wengi waliviita vita vyake. Habari hizo zimo vitabuni, sitazirudia. Ninalotaka ni safari moja.

Mwishoni mwa 1902, akiwa njiani kwenda Afrika Kusini, alishuka Mombasa pamoja na Mary, Mmarekani aliyemwoa mwaka wa 1888, wakapanda garimoshi la reli ya Uganda kuelekea bara. Alitazama dirishani akaona nyanda za juu, hewa baridi, majani mabichi, akavutiwa. Aprili 1903 alikutana na Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, aliyekuwa akiwatafutia Wayahudi mahali pa kukimbilia. Wakati huo Wayahudi walikuwa wakiuawa huko Urusi, na shida yao ilikuwa ya kweli. Chamberlain akaikumbuka ile nchi aliyoiona dirishani. Agosti mwaka huo serikali ya Uingereza ikatoa ahadi kwa maandishi, na ardhi iliyokusudiwa ikawa ni uwanda wa Uasin Gishu. Uliitwa mpango wa Uganda kwa sababu hadi 1902 sehemu zile zilihesabiwa upande wa Uganda.

Wapenzi wasomaji, wapo miongoni mwetu ambao nyumbani kwao ni Uasin Gishu! Mkutano mkuu wa Wazayuni ulikaa Basel mwaka wa 1903 ukajadiliana kwa uchungu mkubwa. Walowezi wa Kizungu wa hapa, Lord Delamere akiwa mbele, walikasirika wakatuma simu London. Tume ya watu watatu ikatumwa kuitazama nchi, na mwaka wa 1905 Wazayuni wakaikataa ahadi yenyewe. Kila upande ulifanya mkutano wake isipokuwa mmoja. Wanandi na majirani zao, waliochunga mifugo katika nyanda zile, hawakuulizwa na mtu. Wanandi walikuwa bado wanapigana na Waingereza, na Oktoba 1905 ndipo Koitalel arap Samoei alipouawa. Mtu yule yule aliyejua kuhesabu kura 54 kwa 2 kabla ya kugusa bomba la gesi la Birmingham, huku kwetu alitosheka na dirisha la garimoshi.

Alijiuzulu uwaziri mwaka wa 1903 ili apiganie ushuru wa bidhaa, akaugawa upande wake wa kisiasa kwa mara ya pili. Julai 1906 mji wa Birmingham ulimwandalia sherehe kubwa ya kutimiza miaka 70. Siku mbili tatu baadaye alipatwa na kiharusi, na yule msemaji hodari akawa hawezi kuhutubia tena. Aliishi hivyo miaka minane, akafariki tarehe 2 Julai 1914. Mwanawe Austen alikuja kuwa Waziri wa Mambo ya Nje, na Neville akawa meya wa Birmingham mwaka wa 1915, kisha Waziri Mkuu wa Uingereza mwaka wa 1937.

Familia yake ilipewa nafasi ya kumzika katika kanisa kuu la Westminster, London, pamoja na wakubwa wa taifa, wakaikataa. Alizikwa Birmingham, katika makaburi ya Key Hill. Katikati ya mji kuna uwanja wenye jina lake na mnara wa chemchemi ya maji uliojengwa mwaka wa 1880, yeye akiwa hai, kuwa shukrani kwa kazi aliyoifanya akiwa meya. Aliyeuchora mnara huo naye aliitwa Chamberlain, ingawa hawakuwa ndugu.